Dobi na Stempu ya Zambarau

Anayetaka kujua siri za mtaa hana haja ya kushinda kwa kinyozi wala kuchungulia dirisha la jirani. Aende kwa dobi. Dobi ndiye anayejua nani amejimwagia mchuzi kwenye tai, nani ametokwa na jasho la woga, na nani amerudi safarini na shati lisilo lake. Ila dobi anayestahili jina hilo huzifua siri pamoja na nguo, akazianika, akazipiga pasi na kumrudishia mwenyewe zikiwa zimekunjwa vizuri. Dobi wa namna hiyo alikuwa Buluu.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Watu walimwita Buluu kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo baada ya miaka thelathini na moja ya kutumbukiza mashati meupe kwenye maji ya buluu vilikuwa vimeshika rangi hiyo hadi kwenye kucha. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chembamba: mbele kaunta, katikati meza ya pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, na nyuma ua wenye kamba nane. Alifanya kazi na mkewe. Mke alipokea na kurudisha nguo. Mume alifua na kupiga pasi. Mke alijaliwa ulimi, mume alijaliwa macho, na kwa hiyo majirani walisema nyumba ile imekamilika.

Walikuwa na sheria moja iliyowashinda madobi wengi. Hakuna nguo iliyoguswa na maji kabla mifuko yake yote haijageuzwa nje. Kilichopatikana kiliandikwa kwenye daftari, kikafungwa kwenye mkebe wa bati, kikarudishwa kwa mwenyewe kama kilivyokutwa. Walikuwa wamewahi kukuta funguo, tiketi, jino la bandia, na siku moja barua ya mapenzi ambayo mke alitaka kuisoma walau mistari miwili. Mume alimkatalia, wakanuniana siku mbili nzima. Lakini katika miaka thelathini na moja, Buluu hakuwahi kufua mfuko wa mtu.

Ndiyo maana siku lilipoletwa koti la Bwana Forodha, mke aligeuza mifuko kama kawaida na kukuta bahasha ndogo inayoonyesha ndani. Mlikuwa na stempu moja ya enzi za ukoloni, ya zambarau, kubwa kuliko stempu za kawaida, yenye kichwa cha mfalme na mhuri mweusi wa posta ulioikata begani. Mke aliandika daftarini: bahasha moja, kavu, stempu moja yenye mhuri. Bwana Forodha alipokuja kuchukua koti lake na kukabidhiwa bahasha, alishika kifua kwa mshtuko, kisha akacheka, akawashukuru na kuwaombea baraka. Hakuifungua. Aliitia mfuko wa ndani akaondoka.

Huyu Bwana Forodha alikuwa mstaafu wa idara ya forodha, mrefu kama mlingoti, mtu aliyetumia ujana wake kufungua mizigo ya watu mpaka akawa haamini sanduku hata la mama yake mzazi. Baada ya kustaafu, mapenzi yake yote aliyahamishia kwenye stempu. Alikuwa mwanachama wa chama cha wakusanyaji wa mji, na stempu ile ya zambarau ndiyo iliyokuwa mboni ya jicho lake. Aliizungusha mifukoni apate kuwaringishia watu, jambo ambalo mkusanyaji mwenye akili timamu hafanyi.

Wiki tatu zilipita. Alhamisi asubuhi, Buluu akiwa anapiga pasi ukosi wa shati, Bwana Forodha aliingia dukani bila hodi.

"Wewe dobi! Umenimaliza!"

"Karibu kwanza," Buluu alisema, akaiegesha pasi pembeni. "Koti lina tatizo gani?"

"Nani anazungumzia koti? Stempu yangu! Umeifua!"

Mke wa Buluu alitoka nyuma ya kaunta mikono kiunoni. "Ameifua nani? Stempu ile ilitoka hapa kavu kama ilivyoingia. Uliipokea kwa mikono yako, ukacheka, ukatuombea na baraka. Au zile baraka zilikuwa za mkopo?"

Bwana Forodha hakuwa na hali ya kujibu mzaha. Alieleza huku akihema. Alikuwa ameipeleka stempu yake kwenye maonyesho makubwa, na jaji mgeni aliyekuja kukagua aliishika dakika mbili tu, akaandika kwamba karatasi yake imepitishwa kwenye maji na dawa, haifai kushindanishwa. Jaji akafunga mkoba wake akasafiri. Bwana Forodha akamkimbilia mwenyekiti wa chama, ambaye ndiye aliyemuuzia stempu ile miaka mitatu nyuma na kumpa cheti cha kuithibitisha. Mwenyekiti huyo aliitwa Lenzi, kwa sababu ya kioo cha kukuzia alichokivaa shingoni hata harusini.

"Lenzi aliniuliza swali moja tu," Bwana Forodha alisema. "Aliniuliza, stempu hii imepita wapi karibuni? Nikamwambia ilisahaulika kwenye koti, koti likaenda kwa dobi. Akaniambia, basi unatafuta nini tena? Mtu anayeishi ndani ya maji na dawa mjini hapa ni nani kama si dobi?"

Buluu alimwonyesha daftari. Bwana Forodha hakulitupia hata jicho.

"Daftari lako, kalamu yako, shahidi mkeo! Mshtakiwa na shahidi wanalala kitanda kimoja, halafu mimi niamini?" Akachomoa karatasi ngumu ndani ya koti na kuibwaga juu ya meza ya pasi. "Hiki hapa cheti. Picha hiyo ilipigwa miaka mitatu iliyopita. Tazama ilivyokuwa kabla haijaingia mikononi mwako!"

Picha ilikuwa kubwa, imekuzwa kiasi cha kiganja. Buluu aliinama kuitazama. Kuna kitu ndani ya picha ile kilimkera, kama uzi uliosahaulika ndani ya ukosi wa shati, lakini kabla hajajua ni nini Bwana Forodha alikwisha kuinyakua.

"Jumamosi saa tisa alasiri chama kinakutana ghorofani pale maktaba," alisema. "Lenzi anataka uje uweke sahihi kwamba uliiharibu kwa uzembe, iingie kwenye kumbukumbu. Usipokuja, nitapita mlango hadi mlango mji mzima, niwaambie watu wewe unafua mpaka mifuko yao."

Habari mbaya haihitaji miguu. Kufikia mchana, watu wanne walikuja kuchukua nguo zao kabla ya siku, mmoja akaondoka na suruali inayochuruzika maji. Ijumaa asubuhi mkuu wa wauguzi wa hospitali, aliyewaletea mashuka ya wodi zote na ambaye kazi yake ndiyo iliyolilisha duka lile, alipiga simu.

"Buluu, mimi nakuamini," alisema. "Lakini wakubwa wangu wananiuliza maswali. Mashuka haya ya leo malizia. Mengine, tusubiri Jumamosi ipite."

Buluu alirudisha simu mezani polepole. Aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa. Hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba ya kupangisha; alichokuwa nacho ni jina, nalo lilikuwa limepakwa tope ambalo hakujua sabuni yake.

"Baba watoto," mkewe alisema, na safari hii ulimi wake ulikuwa mzito, "kubali yaishe. Weka hiyo sahihi, tumeze mate machungu, watu watasahau."

"Hawatasahau. Nikiweka sahihi, kila kifungo kitakachopotea mjini humu kitakuwa kimepotelea mikononi mwangu. Na wewe utakuwa mke wa dobi mwongo, mwenye daftari la uongo."

Mke alichukua rundo la mashuka mapya ya hospitali akaanza kuyapanga mezani, na mume akachukua kimhuri chake kidogo cha alama. Maana kila dobi ana alama yake, na kila shuka la hospitali lilipigwa alama hiyo pembeni kwa wino usiotoka, lisije likachanganyika na la mtu. Kazi hiyo ina utaratibu. Shuka likishafuliwa, kona yake hupakwa wanga na kupigwa pasi mpaka ikauke na kukakamaa, ndipo mhuri hupigwa. Hata dobi wa jana analijua hilo. Lakini Ijumaa ile mchana, Buluu mwili ulikuwa mezani na akili zilikuwa maktaba, akasahau wanga. Akapiga mhuri juu ya kitambaa kitupu.

Wino ukatambaa. Herufi zilizopaswa kuwa na kingo kali kama wembe zikaota ndevu, vijinywele vyeusi vikikimbilia huku na huku kufuata nyuzi. Buluu alizikodolea macho. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa umeshika pasi, ukatulia mahali pamoja.

"Shuka linaungua!" mkewe alipiga kelele.

Buluu aliinua pasi. Shuka lilikuwa na alama ya hudhurungi ya ukubwa wa jani, la kwanza kuungua mikononi mwake tangu alipooa. Wala hakulitazama.

"Mama watoto," alisema taratibu, "ile picha ina ndevu."

"Ndevu gani? Mfalme?"

"Mhuri. Mhuri wa posta uliopigwa juu ya stempu. Kingo zake zimeota ndevu kama hizi. Karatasi nayo ina wanga wake, huwekewa kiwandani ili wino usisambae. Ndiyo maana ukiandika kwenye daftari wino unatulia, ukiandika kwenye shashi unakimbia. Sasa ile stempu, aliyeitia dawa aliutoa wanga wake wote. Na mhuri wa posta ulipigwa baadaye."

Mkewe alikuwa mwepesi wa kuelewa kama alivyokuwa mwepesi wa kusema. "Kwa hiyo ilifuliwa kwanza, ndipo ikapigwa mhuri. Na picha ya miaka mitatu iliyopita..."

"Mhuri umo, na ndevu zake."

Mke alivua aproni akaibwaga kitini. "Kesho saa tisa ni mbali mno," alisema.

Chumba cha ghorofani pale maktaba kilikuwa na meza ndefu, viti kumi na viwili na madirisha mawili makubwa yaliyopokea jua la alasiri. Wanachama walikwisha kuketi, kila mmoja na albamu yake, kibano chake na kioo chake cha kukuzia. Lenzi aliketi kichwani pa meza, mfupi, nadhifu, ndevu zimechongwa. Mbele yake palikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, imeacha nafasi ya sahihi.

"Karibu, ndugu," alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusamehe. "Ni jambo dogo tu. Weka sahihi hapa chini, tuendelee na ajenda."

"Nitaweka, mwenyekiti," Buluu alisema. "Lakini kazi yangu ina sheria. Sikubali doa nisilolitazama. Naomba kuiona hiyo stempu."

Vicheko vilisikika. "Utaona nini?" Lenzi aliuliza. "Hii si suruali, ndugu yangu. Hii ina mambo yake."

Uso wa Buluu uliwaka kwa aibu, lakini alipiga moyo konde akabaki amesimama. Aliyemwokoa ni mtu ambaye hakumtarajia. Bwana Forodha, ambaye hasira zake zilikuwa kubwa lakini utaratibu wa kazi ulikuwa bado haujamtoka damuni, aligonga meza kwa kidole.

"Mwacheni aione. Hata mlanguzi huruhusiwa kushuhudia sanduku lake likifunguliwa."

Stempu ikatolewa, ikawekwa juu ya karatasi nyeusi. Lenzi alivua kioo chake shingoni akamsogezea. Buluu alitikisa kichwa, akaibeba ile karatasi nyeusi kwa mikono miwili hadi dirishani. Aliiinamisha kwenye mwanga, akaigeuza upande, akaiinamisha tena, vilevile anavyoinamisha shati kutafuta doa la mafuta. Chumba kizima kilimtazama. Mtu mmoja alikohoa. Aliporudi mezani, woga ulikuwa umemtoka na mahali pake pamekaa kitu kingine, kile anachokisikia fundi anapokutana na kazi anayoijua.

"Ni kweli imefuliwa," alisema.

"Mmesikia!" Lenzi alidakia. "Amekiri."

"Sijamaliza. Imefuliwa na mtu asiyejua kufua. Ametia dawa kali kupita kiasi. Karatasi ya zamani kama hii huwa na rangi ya maziwa yaliyokaa. Hii ni nyeupe kuliko umri wake. Ukiitazama kwa ubavu, imenyanyuka vijinyuzi, kama shati lililotiwa dawa mara kwa mara. Sasa nauliza: mtu hufua kitu kuondoa doa. Doa gani lilikuwa hapa? Tazameni chini ya mfalme, dhidi ya mwanga. Kuna mistari miwili ya hudhurungi imekatana. Wino wa kalamu wa zamani ulikuwa na chuma. Nimeufua kwenye mashati ya makarani tangu naanza kazi. Dawa huondoa weusi wake, lakini chuma hubaki, na siku zikipita hutoa kutu."

Mama mmoja mzee aliyekaa karibu na dirisha, ambaye alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, aliomba kuiona. Aliiinua dhidi ya mwanga, midomo ikabaki wazi.

"Jamani," alisema. "Hivi ndivyo wakubwa wetu walivyozikata stempu kama hizi, zisitumike tena, zilipolipia kodi kwenye hati za mashamba. Mistari miwili, kalamu, msalaba. Ziko hati za namna hii makabati na makabati."

Mnong'ono ulizunguka meza, maana hapo kila mmoja alielewa uzito wa jambo. Stempu ya zambarau iliyosafiri na barua hutafutwa kwa tochi, kwa kuwa wachache mno walikuwa na mzigo wa kulipiwa gharama kubwa kama ile iliyoandikwa juu yake. Iliyobandikwa kwenye hati haina wa kuigombea. Mtu alikuwa ameufuta wino wa kalamu na kupiga mhuri wa posta juu yake, ili stempu iliyokaa kabatini ionekane imesafiri.

"Dhana!" Lenzi alisema, na sauti yake ya kusamehe ilikuwa imekwenda likizo. "Hata kama kulikuwa na kalamu, nani anasema haikufuliwa wiki tatu zilizopita? Dukani kwako?"

"Nilitaka uulize hivyo," Buluu alijibu. "Mama watoto, leta."

Mkewe alitoa kikapuni vipande viwili vya kitambaa cheupe. "Vyote vimekatwa shuka moja," alitangaza, naye alifurahia kutangaza. "Hiki kina wanga. Hiki kimefuliwa wanga ukatoka. Mume wangu asiguse, msije mkasema mchawi. Nani ana mhuri?"

Mhuri wa chama ulikuwepo mezani. Mpiga chapa mmoja mstaafu, mtu mnene mpole, alijitolea. Alipiga mhuri kwenye kitambaa chenye wanga: herufi zilikaa safi, kila kona mahali pake. Akapiga kwenye kile cha pili: herufi zikaota ndevu huku watu wanatazama.

"Ni kweli tupu," mpiga chapa alisema. "Na karatasi ni vilevile. Ukiiondolea utando wake, wino hautulii. Kiwandani kwetu tulikuwa tukiirudisha karatasi ya namna hiyo."

"Sasa tazameni mhuri wa posta ulio juu ya stempu," Buluu alisema.

Vioo kumi na viwili viliinamishwa, kisha vikaanza kushushwa kimoja kimoja, kwa sababu havikuhitajika. Mhuri ulikuwa na ndevu. Mara mtu alipoonyeshwa, ndevu zile zilionekana waziwazi kama masizi kwenye shuka.

"Ulipigwa baada ya karatasi kufuliwa," Buluu alisema. "Kama ni mimi niliyeifua, basi ndevu hizi zina umri wa wiki tatu tu, na haziwezi kuwemo kwenye picha ya miaka mitatu iliyopita. Bwana Forodha, naomba kile cheti chako."

Bwana Forodha alikuwa ameanza kuelewa. Alikitoa cheti polepole, akakitandaza mezani, akaitazama picha iliyokuzwa kiasi cha kiganja, iliyopigwa miaka mitatu kabla koti lake halijaingia kwa dobi. Halafu akamgeukia Lenzi.

"Zimo," alisema. "Zilikuwemo siku uliyoniuzia."

Lenzi alikisukuma mbali kioo chake cha kukuzia. Alipozungumza hatimaye, hakuwa yule mwenyekiti tena. Alikuwa mtu mzima aliyechoka.

"Niliipata kwa msafiri mmoja," alisema. "Niliipenda mno. Niliutazama mhuri, nikasoma jina la mji na tarehe, nikafurahi. Karatasi sikuitazama."

"Na jaji aliposema?" Bwana Forodha aliuliza. "Kwa nini ulinituma kwa mtu asiye na kosa?"

"Jina langu liko kwenye cheti."

"Na langu liko juu ya mlango wa duka," Buluu alisema. Alisema kwa hasira, na hasira ile ilikuwa haki yake. "Tofauti ni kwamba mimi kabla sijaliandika pale, niligeuza mifuko."

Bwana Forodha alisimama kwa urefu wake wote. Aliichukua ile karatasi iliyosubiri sahihi, akaichana mara mbili, akaichana tena. Kisha, mbele ya wote, akamshika dobi mkono kwa mikono yake miwili.

"Nilikukosea, mwenzangu. Maisha yangu yote nimefungua mizigo ya watu, na huu wa kwangu sikuufungua. Niliapa nitapita mlango hadi mlango kuliharibu jina lako. Basi nitapita hivyohivyo, kulisafisha."

"Anza na hospitali," mke wa Buluu alisema papo hapo. "Na huko useme kuna shuka moja limeungua, tutalilipa. Liliungua kwa ajili yako."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na safari hii hapakuwa na aliyechekwa. Hata Buluu alicheka, kicheko cha mtu aliyetua gunia la siku tatu.

Bwana Forodha alitimiza ahadi, tena kwa ukamilifu wa kiforodha, bila kuruka mlango. Jumatatu mkuu wa wauguzi alileta mashuka ya wodi zote pamoja na mapazia ambayo hakuwahi kuyaleta. Kufikia katikati ya wiki kamba nane hazikutosha. Buluu alifunga ya tisa na ya kumi, na mkewe akasimama mlangoni akiwapokea kwa heshima nyingi mno wale wanne waliokimbia na nguo zao, hasa yule wa suruali iliyochuruzika. Lenzi alirudisha alichopokea na kuacha uenyekiti. Hakufukuzwa, Buluu ndiye aliyesema asifukuzwe, maana doa likishaonekana, nguo haitupwi.

Mwezi uliofuata chama kilimwita tena dobi ghorofani, safari hii kwa barua yenye maneno mazuri. Walikuwa wamemwekea kiti dirishani, penye mwanga, na stempu ishirini na tatu zenye vyeti zilikuwa zimepangwa zikimsubiri. Kati ya hizo alitenga tano, na wenye hizo tano waliguna. Moja iliyokuwa imechafuka, imekunjamana kona, ambayo mwenyewe alikuwa akiomba radhi kwa kuileta, aliirudisha kwa mikono miwili. "Hii haijaguswa na mtu," alisema. "Uchafu wake ni wa safari. Itunze." Mwenyewe, yule mama karani, aliificha haraka kwenye albamu, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

Ndipo alipoingia mwanachama mgeni, kijana wa benki mwenye viatu vinavyong'aa, stempu yake ikiwa juu ya kitambaa cha mahameli. Hakumpa dobi nafasi ya kupumua. Alianza kumwelekeza kwa ncha ya kibano: tazama meno ya ukingo wake hapa, tazama rangi hii, tazama tarehe, sasa tazama huku. Buluu alinyamaza, mikono magotini, macho yake yakiwa yametulia kwenye kona moja ya karatasi ambayo kijana hakuigusa kabisa.

Bwana Forodha alimwekea kijana mkono begani akamkalisha chini.

"Pumzika, bwana mdogo," alisema. "Mwenye macho haambiwi tazama."